Kundi la maombi la shambani: ni hatari kwa jamii, au tunawaonea?

"Mdogo wangu wa kike ana miaka 34 na watoto wawili. Alikuwa fundi cherehani Makorora, hapa Tanga mjini. Tangu mwaka jana amejiunga na kundi la maombi lenye shamba njia ya Pangani. Wanavaa nyeupe, wanasema mwisho wa dunia umefika, hawataki namba ya NIDA wala chanjo, na kila mwezi wanafunga siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Ameuza cherehani, pesa kazipeleka huko. Mwanawe mkubwa wa darasa la nne hajaingia shule tangu Januari. Sasa anasema baada ya mavuno wanahamia shambani moja kwa moja. Shemeji ni dereva wa lori, wiki yupo, wiki hayupo. Mchungaji wetu anasema ni mashetani. Majirani wanasema hawa ni Shakahola nyingine, wafukuzwe kabla hawajatuletea balaa. Nauliza: ni hatari kweli kwa jamii, au tunawaonea kwa kuwa dini yao hatuijui? Na mimi kama kaka nifanye nini?"

Kaka, hapo kuna maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Kwa jamii ya Tanga kwa jumla, kwa haya uliyoeleza, sioni hatari. Hujasema wana silaha, hujasema wanawatisha majirani, wala hujasema wanahubiri kumdhuru asiyeamini. Kwa watoto wa mdogo wako hatari ipo, na ipo leo, si baada ya mavuno. Mdogo wako mwenyewe yuko katikati: ni mtu mzima mwenye haki ya kuamini anachotaka, lakini njia ya kutoka inazidi kuwa nyembamba kila mwezi. Kelele zote za mtaani zinahusu "jamii", na wanaoweza kufa kimya kimya ni hao wadogo ambao hakuna anayewauliza.

Makundi ya imani yanayowageukia watu wa nje yapo, ila ni machache. Aum Shinrikyo la Japani lilimwaga gesi ya sumu ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, na walioumia walikuwa abiria waliokuwa wakienda kazini. Mara nyingi zaidi madhara hubaki ndani ya uzio. Kwa hiyo anayetaka kupima kundi asiangalie kwanza wanavyotutendea sisi tulio nje. Aangalie wanavyomtendea mwenzao anayesema "mimi siwezi" au "mimi naondoka".

Tuondoe kwanza yasiyo na uzito. Mavazi meupe si dalili ya lolote. Pwani hii ukianza kuogopa watu waliovaa nyeupe, Ijumaa hutatoka nyumbani. Kuamini kwamba mwisho umekaribia nako si hatari. Wakristo na Waislamu wote wanafundishwa kuhusu siku ya mwisho, na walio wengi bado wanalipa ada na kuezeka nyumba. Ibada ya sauti kubwa, mikesha, kukataa pombe, kubadili jina: yote haya yanaweza kuwaudhi ndugu na yasimdhuru mtu.

Pwani yetu ina mfano wake wa hofu isiyo na mshiko. Mwaka 1908, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimezimwa, ilisambaa barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwataka Waislamu watubu na washike ibada kwa kuwa dunia inakaribia mwisho. Maofisa wa Kijerumani walishikwa na kiwewe, wakaona uasi mpya unakuja, wakaanza kuziangalia tarika, yaani jumuiya za masufi, na halaka za zikri kwa jicho baya. Uasi haukuja. Tarika ya Qadiria ilikita mizizi Bagamoyo chini ya Sheikh Ramiya, na maulidi yake leo watu wanafunga safari kuyahudhuria. Serikali ile ilipima ukali wa maneno na wingi wa watu, haikupima vitendo. Mchungaji wenu anayesema "mashetani" anapima kwa kipimo hichohicho.

Suala la NIDA linahitaji jicho la pili. Kuikataa namba kwa kuiona ni alama ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo ni imani tu, na Paul Mackenzie, mhubiri wa Malindi nitakayemrudia kwenye habari ya Shakahola, naye aliihubiri hivyo Huduma Namba, namba ya utambulisho ya Kenya. Lakini tazama linachofanya kwa vitendo. Laini ya simu Tanzania inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Asiye na namba, laini yake ikipotea, hawezi kusajili nyingine kwa jina lake. Akaunti ya pesa kwenye simu inakwenda na laini hiyo, kisha benki, kisha mikopo midogo ya kina mama. Bila mtu kumfungia mlango, amekatika na ninyi. Ndiyo maana hapa mimi naogopa kukatika kwa simu kuliko mnyama.

Kundi la aina hii halianzi kwa kuua. Linaanza kwa kusaidia. Mtu ana ndoa yenye upweke, biashara inayosuasua, mtoto anayeugua. Anakutana na watu wanaomwita dada, wanaomwombea usiku kucha na kumpikia. Hilo lenyewe ni jema, na ukilibeza mbele yake umeshindwa kabla hujaanza. Kisha madai yanakuja kidogo kidogo: kwanza muda, halafu sadaka, halafu chombo cha kazi, halafu mtoto, halafu makazi. Kila hatua ni ndogo ukiilinganisha na iliyotangulia, na kila aliyoitoa inamfanya aone aibu kurudi nyuma. Aliyeuza cherehani haoni rahisi kusema alikosea, kwa sababu cherehani hairudi. Ongeza mikesha na njaa. Mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu tu na hajala hawezi kupima hoja sawasawa, na kizunguzungu anachokisikia anaambiwa ni Roho.

Sasa Shakahola, kwa kuwa majirani wanaitaja. Paul Mackenzie alianzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Alihubiri dhidi ya shule na hospitali, akashitakiwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2019 kanisa likafungwa. Hakuacha, wafuasi walihamia msitu wa Shakahola, Kilifi, wakagawiwa viwanja. Machi 2023 alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili akaachiwa kwa dhamana, na Aprili polisi wakaanza kukuta watu waliodhoofu na makaburi. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, wakiwamo watoto wengi. Waliambiwa wafunge ili wakutane na Yesu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha njaa ndiyo iliyoua wengi, lakini wapo walionyongwa na waliopigwa. Kwa hiyo anayesema "walifunga kwa hiari yao" hajasoma ripoti hadi mwisho.

Kanungu, Uganda, inatufundisha kuhusu wakati. Kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilitabiri dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Wafuasi waliuza mashamba na ng'ombe wakawapa viongozi. Januari ilipofika na dunia ipo, watu walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliungua likiwa limejaa watu, milango na madirisha yamepigiliwa misumari. Baadaye makaburi ya halaiki yalikutwa kwenye makazi mengine ya kundi hilo, na idadi ya waliokufa ilipita 700. Jonestown kule Guyana nako watu zaidi ya 900, watoto zaidi ya 300 miongoni mwao, walikufa tarehe 18 Novemba 1978, mbunge wa Marekani alipokuwa amekwenda kuwakagua na baadhi ya waumini wakataka kuondoka naye.

Katika hayo matatu, hatari ilikuwa kubwa zaidi pale kundi lilipokuwa limehamia mbali na macho ya watu na kiongozi akahisi anapoteza: utabiri umeshindwa, watu wanadai chao, au serikali iko mlangoni. Na kundi la Kanungu lilikuwa na usajili halali, kwa hiyo cheti ukutani kisikutulize. Hiyo kauli ya "tunahamia baada ya mavuno" ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako. Muulize kama kuna tarehe iliyotajwa, na nini kitatokea siku hiyo ikipita.

Funga ya siku tatu kavu ni jambo la pili zito. Ramadhani mtu anafunga kutwa, jua likizama ana futari, kabla ya alfajiri ana daku, na mgonjwa, msafiri, mjamzito na mtoto wana ruhusa yao. Kwaresima nayo ina mlango. Mwili wa mtu mzima mwenye afya unavumilia wiki kadhaa bila chakula akinywa maji, lakini bila maji, kwa joto la Tanga, siku tatu ni ukingoni kabisa. Figo huanza kushindwa na damu huwa nzito. Mtoto haukaribii muda huo. Anaweza kuharibika ndani ya siku moja, na mapema zaidi akiwa anaharisha au anatapika. Dalili zake ni hizi: hajakojoa kwa saa sita hadi nane, analia bila machozi, macho yameingia ndani, ukibana ngozi ya tumbo inarudi polepole, analegea na kusinzia. Mtoto wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali muda uleule, mama akubali asikubali.

Uliza pia kuhusu dawa. Mtu wa presha anayeacha vidonge anaweza kupata kiharusi bila onyo. Mwenye kisukari anayetegemea insulini hana siku nyingi. Anayeacha dawa za kifua kikuu katikati ya miezi sita anaweza kutengeneza usugu na kuwaambukiza wengine, na hapo tu ndipo naweza kusema hatari imetoka shambani ikaingia kwenye daladala.

Serikali inaweza nini? Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na inaweka shughuli za kuendesha dini nje ya mamlaka ya nchi. Jumuiya za dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na usajili unaweza kufutwa. Watu hudhani hapo ndipo suluhisho lilipo. Kufuta usajili kunaondoa bango, hakuondoi kiongozi, na mfano wa Malindi unaonyesha kundi likifungwa mjini linaweza kuhamia porini, mahali ambapo hata balozi wa nyumba kumi hafiki. Mimi naona silaha iliyo bora ni kushughulikia tendo, bila kugusa imani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya chakula, matibabu, chanjo na elimu, na inamtaka mwanajamii anayeona haki hizo zinavunjwa atoe taarifa kwenye serikali za mitaa. Hapo huhitaji kubishana kama nabii ni wa kweli au wa uongo. Unasema: mtoto wa darasa la nne, jina lake fulani, hajahudhuria tangu Januari.

Kwa hiyo anza na shule. Nenda kwa mwalimu mkuu, omba rekodi ya mahudhurio kwa maandishi, kisha ipeleke kwa afisa mtendaji wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya jiji. Taja tarehe na mambo uliyoyaona. Usiandike "kundi la kishetani", kwa sababu afisa hana kifungu cha mashetani. Ukiona mtoto amenyimwa chakula au amepigwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure.

Shemeji yako ni muhimu kuliko wewe. Baba mzazi ana haki ya kukataa wanawe wasihamishwe, na neno lake mbele ya ustawi wa jamii lina uzito ambao mjomba hana. Asisubiri safari inayofuata. Kama nyumba ni ya kwao wawili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Yenye hati aiwekee zuio kwa Msajili wa Hati. Kama ni ya karatasi za mtaa, apeleke barua kwa mtendaji na kwa mwenyekiti wa mtaa, ili mnunuzi akija kuandikishana aambiwe. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na vyeti vya shule avitunze mahali pengine, maana hivyo vinaweza kuchomwa kama "mambo ya dunia".

Kuhusu mdogo wako, usimteke. Marekani, kuanzia miaka ya 1970, familia zililipa watu wakawakamata jamaa zao na kuwafungia ndani hadi waikane imani. Baadhi ya waliotekwa walirudi kundini wakiwa na chuki zaidi, na baadhi ya watekaji waliishia mahakamani. Usishindane naye kwa aya pia. Aya anazo nyingi kuliko wewe kwa sasa. Muulize maswali ya kawaida, moja moja, kwa siku tofauti, kisha umwache nalo. Mtu akishindwa kufunga anaambiwaje? Kiongozi naye anafunga? Pesa ya cherehani iliandikwa wapi? Yule aliyetaka kuondoka yuko wapi sasa? Asipokujibu usimkabe. Kubalianeni jambo dogo la kudumu, kama simu kila Jumapili jioni, na liheshimu hata mkigombana. Pesa mkononi usimpe, zitafika palepale. Mpe unga, dawa, na nauli anayojua iko kwako saa yoyote, bila masharti. Mwambie waziwazi kwamba akirudi hakuna atakayemwambia "tulikwambia", na uhakikishe mama na mashangazi wamekubali hilo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoharibu.

Nenda shambani, mchana, pamoja na shemeji, mkiwa na mfuko wa unga na sukari kama wageni. Msiende na polisi wala mchungaji mara ya kwanza. Mkifika, tumieni macho. Maji yanatoka wapi? Watoto wanakula saa ngapi, na wanacheza au wamekaa kimya? Unaweza kukaa na mdogo wako dakika kumi bila mtu wa tatu? Simu zinashikwa na nani? Halafu tazama kama wamepanda. Muhogo unachukua miezi 9 hadi 12 kukomaa. Watu waliopanda muhogo na kuchimba choo kipya wanategemea kuwepo mwakani. Watu wanaohamia shambani, wakavuna mahindi, wasiweke mbegu ya vuli wala kujenga jiko, hao mtoe taarifa jioni ileile.

Majirani uwaombe watulie, na uwaeleze kwa nini. Kuvamia au kuchoma ni jinai, hilo wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kiongozi wa aina hii anaishi kwa kutabiri mateso. Jiwe la kwanza likirushwa, utabiri umetimia, na hata waliokuwa wanafikiria kuondoka watabaki. Mdogo wako na watoto wake watakuwa ndani ya hicho kibanda.

Kuna hali ambazo hazisubiri barua wala kikao: tarehe ya "safari" imetangazwa, watoto wanafungishwa, mtu amekufa na kuzikwa bila taarifa, watu wanazuiwa kutoka, au mdogo wako anaanza kuaga na kugawa vitu. Hapo piga 112, na ripoti pia kwa ofisi ya mkuu wa wilaya, ukisema kwa kifupi watu wangapi, wapi, na kuna watoto wangapi.

Na akirudi nyumbani akiwa amefunga siku nyingi, msimwandalie pilau. Mwili uliokaa zaidi ya siku tano bila chakula umezoea kuchoma mafuta yake. Ukipewa wanga mwingi ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Damu ikipungukiwa, moyo unapiga ovyo na unaweza kusimama, mara nyingi ndani ya siku chache za kwanza, wakati ndugu wanashangilia kwamba amekula. Mpelekeni hospitali ya Bombo moja kwa moja, mkamwambie daktari idadi ya siku alizokaa bila kula na bila kunywa, ili apimwe damu na kupewa vitamini B1 kabla ya kulishwa. Njiani, kama ana fahamu na anameza, maji kwa vijiko, kidogo kidogo, si kikombe kizima.